Prosesa Niliyoipaka Poda

Niwataje kwanza wote waliokuwepo siku ile, maana aibu hii ina mashahidi na sitaki mtu aje kuniambia nimemsahau makusudi. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, Rosalie, mwenye siku yake, amesimama mbele na blauzi nyeupe. Alikuwepo Trésor, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa, dereva wa pikipiki, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakataa abiria. Alikuwepo Mama Botula, mdogo wake mama yetu marehemu, aliyepanda mto kutoka Yanonge siku iliyotangulia, na magoti yake yalikuwa bado yamevimba kwa kukaa juu ya magunia. Alikuwepo Tonton Musafiri, jirani yetu, fundi wa cherehani, Mwislamu wa familia za zamani za hapa Kisangani, ambaye alitushonea wote kitambaa cha aina moja kama watu wa arusi. Walikuwepo maprofesa watatu wa jury, waliokuja kumsikiliza na kumpa alama. Walikuwepo wanafunzi kama hamsini waliokuja kusikiliza. Na nilikuwepo mimi, Antoinette, yaya wao, yaani dada yao mkubwa, nimekaa safu ya mwisho na kopo la poda mapajani, na kopo lenyewe lilikuwa limepungua kwa sababu niliyoijua vizuri kuliko wote mle ndani.

Nimekuwa nikiukimbia mkasa huu. Nikianza kuusimulia kama kichekesho, watu wanacheka mpaka katikati, halafu mimi nafika mahali fulani, nasingizia kazi. Leo nausema mpaka mwisho.

Kwa wasionifahamu: baba yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na mitatu, mama akamfuata baada ya miaka miwili, na siku tulipotoka makaburini mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, Trésor alikuwa shule ya msingi, na Rosalie alikuwa na miaka minne, anauliza kama mama atarudi na mikate. Wajomba walikaa kikao, wakasema mmoja amchukue Trésor aende naye Isangi, mwingine amchukue Rosalie mpaka Bafwasende, na mimi niolewe. Nikasema hapana, tutakaa pamoja. (Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema, na tangu siku hiyo sikuwahi kurudi nyuma juu ya neno nililolitoa mbele ya wadogo zangu, hata pale nilipojua kwamba nimekosea, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo.) Nikaacha shule, nikaenda kukaa kando ya mzee mmoja aliyetengeneza redio karibu na soko, nikamshikia taa, nikamsafishia vyombo vyake, nikajifunza kwa kuangalia mikono yake kwa sababu mdomo wake haukupenda kazi. Miaka ikapita, redio zikawa simu, simu zikawa laptopu, mzee akafariki, kibanda kikabaki kwangu.

Mteja akimkuta mwanamke ameshika chuma cha kulehemu, huuliza kwanza fundi yuko wapi. Kwa hiyo nilijifunza mapema kutosema "sijui". Nilisema "niachie, urudi kesho", kisha nikatafuta kujua kabla kesho haijafika, na mara nyingi nilifaulu. Nyumbani pia ilikuwa hivyohivyo. Trésor akiuliza kama tutakula, nilijibu ndiyo kwanza, halafu nikatoka kwenda kutafuta.

Sasa Rosalie. Mtoto huyu alisoma mpaka chuo kikuu, jiografia, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchora ramani ya chemchemi ambazo watu wa mitaa ya Mangobo na Kabondo wanachotea maji. Alitembea misimu miwili ya mvua nyuma ya wanawake wenye bidoni za maji, akaandika kila chemchemi mahali ilipo, nani anaisafisha, ipi inachafuka mvua ikinyesha na ipi inabaki safi. Yote hayo aliyaweka ndani ya laptopu, katika programu nzito ya ramani, unabofya na chemchemi zinajitokeza moja moja kwa rangi ya bluu, unabofya tena na zile chafu zinageuka nyekundu. Profesa aliyemwongoza alimwambia waziwazi kwamba idara inatafuta msaidizi wa kufundisha, kwamba anamtaka yeye, lakini sheria haichukui mtu ambaye hakupata distinction. Distinction inaanza na alama sabini. Basi nyumbani neno hilo tulilitamka kwa uangalifu, kama watu wanavyotaja jina la mgeni mkubwa aliyeahidi kuja lakini bado hajafika.

Laptopu nilikuwa nimemuundia mimi mwenyewe kutoka kwa mbili zilizokufa. Ilikuwa kuukuu, nzito, na ramani ile ilichukua dakika tisa kufunguka. Dakika tisa, na jury inampa mwanafunzi dakika ishirini za kusema kila kitu.

Défense, yaani kuitetea kazi hiyo mbele ya jury, ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili, baada ya misa, nilikuwa nimeketi nyumbani mezani na ile mashini mbele yangu, na kando yake kulikuwa na mzoga wa laptopu nyingine niliouleta kutoka kibandani, ya aina ileile, imevunjika kioo, lakini ndani ina prosesa yenye nguvu mara nyingi zaidi. (Prosesa ni kile kidude cha mraba, kidogo kama biskuti, ambacho ndicho kinachofanya hesabu zote za mashini, katika laptopu za zamani kinakaa juu ya kiti chake na unaweza kukitoa, katika za siku hizi kimelehemiwa na hukigusi.) Nikahesabu: nusu saa tu. Natoa ile dhaifu, naweka ile yenye nguvu, na kesho mtoto wetu anabofya, ramani inaruka.

"Yaya, iache tu," Rosalie akasema. "Iko inatembea. Nitafungua carte mbele ya kuingia, nitaiacha wazi, hawatajua hata kama inachelewaka."

"Na ikizima katikati?"

"Haijazimaka hata siku moja."

"Weye ni wa géographie," nikamwambia. "Mambo ya mashini uniachie miye."

Alikuwa ameshika waya wa chaji, anauzungusha kidoleni, anaukunjua. Aliniangalia kidogo, akaangalia mashini, akasema, "Bon, yaya. Weye ndiye unajua."

Sikujua. Vioo nilikuwa nimebadilisha, kibodi nilikuwa nimebadilisha, diski nimebadilisha mpaka nimechoka, lakini prosesa ya laptopu sikuwahi kuibadilisha maishani mwangu, niliona tu video moja ya bwana fulani anayeongea haraka kwa lugha nisiyoielewa. Na Rosalie hakuweza kuniambia "hapana", kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniambia hapana tangu siku ya wajomba. Nilikuwa nimewalea hivyo, na nilikuwa najivunia.

Nikafungua skrubu, nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria ili nisizichanganye, nikanyanyua feni na kile chuma cha shaba kinachovuta joto, nikageuza kufuli ya kiti nusu duara kwa bisibisi, prosesa ya zamani ikatoka laini kama jino la mtoto. Ile nyingine ikaingia bila kulazimishwa, miguu yake yote imenyooka. Nikafurahi sana hapo. Kisha nikafika kwenye pâte.

Kati ya prosesa na chuma cha shaba lazima kuwe na pâte, dawa nyeupe yenye mafuta inayobeba joto kutoka hapa kwenda pale. Bila hiyo prosesa inajichoma yenyewe. Nikaminya tyubu yangu, ikatoa upepo. Nikaikata kwa mkasi, ndani imekauka, inakatika kama ukoko. Jumapili hiyo duka la pekee ninalolijua linalouza pâte lilikuwa limefungwa, mwenyewe yuko kanisani, na ibada ya kanisa lao inaanza mapema na kumalizika jua likianza kushuka.

Hapo mtu mwenye akili angerudisha prosesa ya zamani na kulala usingizi wake. Mimi nikaangalia juu ya kabati.

Juu ya kabati kulikuwa na kopo la poda. Mnajua desturi yetu: mtu akimaliza défense, familia inamrukia na poda, inammwagia kichwani na mabegani mpaka anakuwa mweupe, halafu anapita barabarani hivyohivyo ili kila mtu ajue nyumba fulani imepata msomi. Kopo hilo lilikuwa limekaa pale wiki tatu, kubwa, jipya, la harufu ya maua. Nikawaza: pâte ni nyeupe, poda ni nyeupe. Pâte ina mafuta, na vazelini ya Mama Botula ya kupaka magoti ipo mezani. (Nawaomba msinikatize hapa, nayajua yote mnayotaka kusema.) Nikachanganya ndani ya kisahani, nikakoroga kwa mpini wa kijiko, ikawa laini, ikafanana na pâte kuliko pâte yenyewe. Moyoni nikasema, angalia, hata wale wa Kinshasa hawajawaza hili.

Tonton Musafiri akaingia kuleta nguo alizotushonea, akanikuta nakoroga.

"Anto, unapika nini?"

"Pâte, tonton."

"Ya kula?"

"Ya mashini."

Akainama, akanusa. "Inanukia kama mutoto ametoka kuoga."

Tukacheka, hata Rosalie akacheka, na mimi nikapaka, nikafunga chuma, nikarudisha skrubu zote, hakuna iliyobaki. Nikawasha. Ikawaka. Nikamwambia Rosalie afungue ramani, akabofya, na sisi wote tukasimama nyuma yake. Haikumaliza hata dakika moja. Chemchemi zikaanza kutokea, bluu, bluu, bluu, na Mama Botula akaniuliza Yanonge iko wapi, nikamwambia mama, hii ni ya mjini tu, akasema basi haijakamilika. Trésor akapiga makofi. Rosalie akageuka akanishika mkono, akasema, "Pole yaya, nilikuwa naogopa bure."

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na nilitaka betri ibaki na nguvu. Kwa hiyo baada ya dakika tano nikasema zima, inatosha, tumeona. Dakika tano. Ningeiacha nusu saa tu, ningenusa kile ambacho jury ilikuja kunusa.

Jumatatu tukaenda wote. Mama Botula alikuwa ameponda lituma ya ndizi tangu alfajiri, imefunikwa nyumbani pamoja na samaki, inatungoja. Ukumbi ulikuwa umejaa, bati la juu limeshapata jua, watu wanajipepea kwa madaftari. Rosalie akaingia, akaunganisha mashini na projekta, akawasalimu wazee wa jury kwa heshima yote, akaanza. Sikuwa namwelewa kila neno, lakini nilielewa kwamba hasomi, anaongea, na kwamba profesa wake ameegemea kiti kama mtu ambaye hana wasiwasi.

Kisha akafungua ramani. Ikaruka ukutani kwa haraka, kubwa kama nyumba, na wanafunzi wakatoa sauti ile ya chini ya kushangaa. Rosalie akabofya, chemchemi za bluu zikajitokeza. Akaanza kuzieleza moja moja. Nikamgonga Trésor kwa kiwiko, nikamwambia sikioni, "Unaona kazi ya yaya yako."

Baada ya dakika saba au nane hivi, feni ya mashini ikaanza kulia, kwanza kama nyuki, halafu kama pikipiki ya Trésor ikipanda kilima na watu watatu. Rosalie akapandisha sauti ili asikilizwe yeye. Na hapo ikaja harufu.

Ilikuja taratibu. Wa safu ya kwanza waliinua pua kabla ya wengine. Msichana mmoja akageuka kumwangalia jirani yake, jirani akanyoosha mikono kuonyesha si yeye. Harufu ya maua, tamu, ya moto, kama mtu amemwaga poda juu ya jiko, ikajaa ukumbi mzima. Rais wa jury, mzee wa nywele nyeupe, akavua miwani yake, akanusa mara mbili, akasema bila haraka, "Siku hizi poudre inamwangwa mbele ya délibération?"

Poda kabla jury haijatoka kushauriana: ukumbi ukacheka. Kisha, kwa kuwa poda hubebwa na familia na familia hukaa nyuma, vichwa vyote vikageuka kututazama. Nikaficha kopo chini ya kitambaa changu, na kwa papara ile kifuniko kikatoka, poda ikamwagikia magoti ya Mama Botula na nguo yake mpya, wingu jeupe likapanda, akaanza kupiga chafya, na watu wakacheka mpaka wengine wakajilaza juu ya meza. Walidhani harufu imetoka kwenye kopo. Hata rais alitabasamu akasema, "Mama, mungojee kidogo, mutoto hajamaliza."

Rosalie peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kibodi, na nikamwona anakiondoa haraka.

Ukuta ukawa mweusi.

Akawasha tena. Ikawaka, akafungua ramani, ikatokea, ikakaa dakika mbili, ikazima. Akawasha tena. Safari hii haikuwaka. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza. Kicheko kilikwisha chenyewe, nikasikia watu wanavyojipepea. Profesa wake akamletea laptopu yake mwenyewe, wakachomeka ufunguo wa USB wenye kazi ya Rosalie, maandishi yakafunguka, lakini mahali pa ramani palikuwa na ukurasa mweupe, kwa sababu mashini ile haikuwa na programu.

Basi mtoto yule akachukua chaki. Akageukia ubao akachora mto, akachora vijito, akachora barabara, akaanza kuweka alama za chemchemi kwa kichwa tu, akizitaja: ile ya nyuma ya kanisa, ile ya kwa mama fulani anayeuza ndizi za makemba, ile inayochafuka mvua ikinyesha kwa sababu choo kiko juu yake. Aliweka nyingi sana, vumbi la chaki linamwangukia kwenye mkono wa blauzi. Mwenye saa akagonga meza, dakika ishirini zimekwisha, na Kabondo ilikuwa haijaanza.

Rais akaomba mashini. Wakampelekea, akaigeuza, akanusa upande wa feni, akaiweka chini.

"Mademoiselle, poudre iko ndani ya mashini. Nani aliifungua?"

Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, hilo Mungu analijua, magoti yangu yalikuwa yameshaondoka kwenye mbao.

"Ni miye, Président," Rosalie akasema.

"Weye mwenyewe?"

"Ndiyo. Nilitaka iende mbio."

"Lini?"

"Jana."

Mzee akavaa miwani, akamwangalia. "Jana. Siku moja mbele ya défense unafungua chombo cha kazi, unatia poudre. Hakuna fundi aliyekusaidia?"

Aliuliza hilo polepole, akanipa nafasi. Lazima niseme wazi, nilipewa nafasi mara mbili. Rosalie akainua macho, akaangalia mpaka safu ya mwisho, akaniona nimesimama nusu. Hakuniangalia kwa lawama. Aliniangalia kama tulivyokuwa tukiangaliana zamani wageni wakija na chakula hakitoshi, mmoja anasema ameshiba ili mwingine asiaibike.

"Hapana, Président. Ni miye peke yangu."

Nikaketi.

Mama Botula akanifinya paja. "Antoinette. Mbona mutoto anasema ni yeye?"

"Nyamaza, mama," nikamwambia.

Ndiyo maneno pekee niliyoyatoa kinywani baada ya swali lile, mbele ya watu waliosoma. Miaka yote nilikuwa natoa sauti: kwa wajomba, kwa wateja, kwa mwenye nyumba. Siku ile sauti ilikuwepo, nikaitumia kumnyamazisha mama mdogo wangu.

Rais akasema maneno machache, kwamba kazi ya nje ni nzuri, uchunguzi ni mzuri, lakini mtu anayechezea chombo chake namna hii anaonyesha jinsi anavyofanya kazi, na idara haiwezi kufumba macho. Profesa wake aliangalia meza. Wakatoka kwenda kushauriana, wakarudi. Satisfaction. Alama sitini na nane.

Watu walipiga makofi, maana kufaulu ni kufaulu. Sisi wanne wa safu ya mwisho hatukujua tufanye nini. Trésor alisimama na mikono imening'inia. Ikabidi Rosalie mwenyewe aje mpaka kwetu, akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anayeoshwa nywele, akasema, "Yaya, unimwangie." Nikammwagia kilichobaki. Tonton Musafiri akapiga picha. Katika picha hiyo Rosalie ni mweupe kichwa kizima na anacheka vizuri, na mimi kando yake nina uso wa mtu aliye matangani.

Nyumbani tukala lituma. Majirani wakaja, wakasifu, wakauliza habari za msomi. Mama Botula, ambaye hakuwa ameelewa au alikuwa ameelewa vizuri sana, akauliza mbele ya wote, "Lakini mutoto huyu alijifunza wapi kufunguafungua mamashini?"

"Kwa yaya," Rosalie akasema, akamwongezea samaki.

Watu wakacheka, na mimi pia nikatoa meno.

Baadaye, nikiwa peke yangu kibandani, nilifungua ile laptopu. Vazelini ilikuwa imeyeyuka ikatiririka mpaka nje ya kiti, imebaki poda kavu, ukoko mweupe. Nilisafisha, nikarudisha prosesa ya zamani, ile dhaifu, nikapaka pâte ya kweli, nikawasha. Ikawaka. Nikafungua ramani nikakaa kuitazama. Dakika tisa kamili, chemchemi zote zikatokea, na nikaiacha hivyo saa mbili nzima nikitengeneza simu za watu. Haikuzima.

Nafasi ya msaidizi ilienda kwa mwingine, kijana mzuri, sina ubaya naye. Rosalie alipata kazi ya kufundisha sekondari huko Opala, akaenda na ile mashini ndani ya begi, nimemwekea pâte tyubu mbili. Anasema wanafunzi wake wanapenda ramani. Alipokuja likizo nilijaribu. Tulikuwa tunapika, nikaanza, "Rosalie, ile siku ya défense..." Akasema, "Yaya, ile ilishaka kwisha. Unipe chumvi." Nikampa chumvi. Nilifarijika, na ndiyo maana nilijua kwamba haijaisha.

Kuna kitu nimejifunza, nacho ni kidogo ukilinganisha na bei yake. Siku hizi mteja akiniletea kazi nisiyoiweza, namwambia sijui. Wengine wameondoka, wameenda kwa mafundi wanaume wanaojua kila kitu, na waende. Trésor pia ameanza kuniambia hapana. Juzi alinikatalia kabisa jambo moja mbele ya mkewe, nikanyamaza, nikaona kwamba nyumba haikuanguka.

Lakini hilo halilipi deni. Juzijuzi alikuja kibandani mwanafunzi wa idara ileile, laptopu yake inachelewa, nikamuuliza kwa kupitapita kama anamjua Rosalie. Akasema hajawahi kukutana naye, yeye alikuja nyuma, ila yule profesa rais wa jury huwa anamtoa kuwa mfano kila mwaka, kabla ya défense, kuwaonya: msifanye kama yule mademoiselle aliyetia poudre ndani ya mashini. Wanacheka. Profesa hataji jina, lakini wanafunzi wakubwa wote wanalijua.

Jina lile nililitunza mimi tangu lina miaka minne, nikakataa lisipelekwe Bafwasende, na liko kule linachekwa kwa kosa la mikono yangu. Nilikwenda siku moja mpaka mlango wa idara, nimwambie rais yule kwamba ni mimi. Wakaniambia profesa ametoka, rudi Alhamisi, na nikajikuta nashukuru. Alhamisi sikurudi, wala ile iliyofuata. Saa zake nazijua: anafundisha Jumatatu na Alhamisi asubuhi, anatoka saa sita, anasimama kidogo kwenye kivuli kuongea na watu. Kutoka kibandani kwangu mpaka pale ni dakika ishirini kwa miguu.